Msimu kwa Ndoo

Mimi mpira siujui. Najua madoa.

Mechi ya kwanza, hapa hapa Mkwakwani,
majani mabichi magotini, mapajani, hadi kwenye kola.
Nikasema watoto wamegaragara, bila shaka wameshinda.
Kumbe sare, bila kwa bila.
Nikaloweka.

Toka Shinyanga jezi zilikuja ndani ya kiroba cha mchele,
siku mbili njiani, zimeshaanza kuota ukungu,
na vumbi la kule lina kiburi:
maji ya kwanza linakutazama, ya pili linakutazama,
ya tatu ndiyo linaaga.
Songea wakaniletea udongo mwekundu, mabao matatu,
na namba saba imechanika toka bega mpaka kwapa.
Nani kamvuta hivi mjukuu wa Bi Mwanakombo,
na refa alikuwa anatazama ndege?

Timu kumi na sita, na Duga Rangers wa tano,
kisha wa tisa, kisha wa sita.
Nahesabu kwa vipande vya sabuni.
Mdhamini wetu, muuza vitanda, aliandika kifuani MAGODORO
kwa rangi ya bei rahisi.
Desemba ikabanduka M. Januari, A.
Februari, G na O kwa pamoja.
Kufika Machi kifua chote kimebaki DORO,
na jukwaani wenye midomo yao wakapata wimbo.
Nikalaumiwa mimi. Eti nasugua sana.

Bwana Singano, mweka hazina,
maneno yake yana povu kuliko sabuni yangu:
"Mama, vumilia, mgao unakuja."
Mechi ya kumi na nane, mgao unakuja.
Ya ishirini na tatu bomba la mtaa likakauka,
nikachota kisima cha jirani, maji ya chumvi,
povu halishiki, mgao unakuja.

Ya thelathini ilikuwa nyumbani.
Washinde tu, waingie mchujo wa kupanda daraja.
Sikwenda. Kutoka uani kwangu, Barabara ya Kumi na Mbili,
uwanja nausikia: goli letu huja na mluzi na masufuria,
goli lao huja kama mtu amefunga mlango.
Jioni ile mlango ulifungwa mara mbili.

Kiroba kikaletwa usiku, bila salamu.
Namba tano, damu mkononi.
Namba kumi, matope mpaka ndani ya lebo.
Namba saba, ule mshono wangu umeachia tena.
Jezi ya kipa, hakuna kitu.
Viwiko safi. Ubavu safi, wa kulia na wa kushoto.
Niliigeuza nje ndani nikiitafutia doa
kama mtu anayemtafutia mwanawe udhuru.

Na ndani ya soksi, noti, zimekunjwa, zimelowa.

Nilizianika. Moja moja, kwa vibanio,
katikati ya bukta, mchana kweupe, nani asione.
Mbelwa akaja saa nane, akasimama mlangoni,
mrefu vile, akajaribu kuwa mfupi.
"Mama yangu amelazwa Bombo," akasema. "Mjomba alinitumia."
Huenda. Bombo kweli wamelazwa mama za watu.
Sikuuliza mjomba yupi.
Nikamhesabia, zimekauka, zinanukia ndimu,
nikabakiza elfu mbili,
maana noti nazo nimezifua.

Jezi yake nikaikunja vile vile, sikuitia maji.

Agosti kiroba kikarudi:
mdhamini mpya, jezi za zamani, deni lile lile.
Namba moja kapewa kijana wa Makorora, masikio yamemtoka.
Akaijaribu, ikamfika karibu na magoti,
akauliza kama aiache niifue kwanza.
Nikamwambia, ina nini?
Nenda kaichafue.